Mjumbe Hakufika Kapata

Kila siku king'ora cha kampuni ya shaba kilipolia kutangaza mwisho wa zamu, mama mkwe wangu aliteleka maji. Aliweka sufuria kubwa juu ya mbabula, jiko letu la makaa, akalipepea kwa kipande cha katoni mpaka maji yakaanza kuchemka, kisha akakaa mlangoni kutazama barabara. Maji yale yalikuwa ya mwanawe, yaani mume wangu, aliyezoea kurudi kutoka kazini na vumbi hadi kwenye kope, kucha zake zikiwa na ule ukijani wa mawe ya shaba ambao hakuna sabuni iliyouweza. Lakini mume wangu hakuwa amerudi tangu mwaka wa vita. Maji yalichemka, yakapoa, na jioni mimi nikayaoshea vyombo.

Niliyachukia maji yale. Makaa yalikuwa ya kutafutwa, na mimi ndiye niliyeyatafuta. Lakini si hilo lililoniudhi. Kila sufuria ilipoanza kutoa mvuke, hata mimi nilijikuta natega sikio kuelekea barabarani, na kila jioni nilidanganywa upya na sufuria.

Alitoka asubuhi, siku ambayo bunduki zilikuwa zimenyamaza kidogo mjini Kolwezi. Alisema anakwenda kutafuta unga. Alivaa shati tu, kwa kuwa jua lilikuwa limekwisha kuwaka, na koti lake la kazi likabaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Mchana bunduki zikaanza tena. Habari yangu inaishia hapo. Vita vilipopita tuliuliza hospitalini, tukauliza parokiani, tukawauliza waliokimbilia porini na waliokimbilia mpakani wakarudi. Kila mmoja alitutuma kwa mwingine. Wengine walitutazama kwa huruma, na huruma ile ilinikera kuliko kutukanwa.

Sasa, kwa watu wa Kasai, alikotoka mume wangu, na hata kwetu kaskazini mwa Katanga, kilio, yaani matanga, hukaliwa mtu akiwa amekufa. Usipouona mwili, na usimpate aliyeuona, unamlilia nani? Mama mkwe wangu alikuwa na neno lake juu ya jambo hilo, na alilirudia kila mgeni alipodokeza kwamba pengine wakati umefika.

"Kulilia muntu muzima ni kumuitia lufu," alisema. "Mi siwezi kumuitia mutoto yangu kifo."

Basi nikawa si mke, si mjane. Kanisani sikujua nimwandikishe mume wangu wapi, katika nia za wagonjwa au katika nia za marehemu, nikaacha. Kaka zangu walituma watu kunihimiza nirudi nyumbani, nipo bado kijana, sina mtoto, nakaa Kapata nafanya nini? Lakini mwanamke hatoki kwa wakwe kabla ya kilio kwisha, na kilio chetu kilikuwa hakijaanza. Na mama mkwe wangu alilijua hilo vizuri. Sikumlaumu, ingawa siku nyingine nilimlaumu sana. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wa mwisho katika nyumba yake. Tuliishi wawili katika mojawapo ya zile nyumba za wafanyakazi za mtaa wa Kapata zilizopangwa mistari, zote sawa, na kuta zake nyembamba zilitusikizisha jirani akimkemea mwanawe, mwingine akicheka na mkewe. Kwetu ilisikika sufuria.

Nilifundisha Kifaransa katika shule ya sekondari ya wasichana mtaani Manika. Ilikuwa ile miaka ya kuitwa sitwayeni, yaani raia, ya waume kuvaa abakosti, ile suti ya serikali isiyo na tai, ya kuimba na kucheza mbele ya bendera asubuhi kabla ya kufungua daftari. Niliimba. Nilipiga makofi inavyotakiwa. Kisha nikaingia darasani na kuwafundisha wasichana wa mwaka wa mwisho habari za wafalme wa kale wa Ulaya waliojiangamiza wenyewe, kwa kuwa programu ilidai tanzia, na tanzia maana yake ilikuwa hiyo.

Niliwaeleza kanuni. Katika tanzia ya Kifaransa ya zamani, anayeanguka ni mkubwa, mfalme au mwana wa mfalme, na kinachomwangusha kimo ndani yake: kiburi, wivu, kiapo alichokula bila kufikiri. Hakuna kucheka. Hakuna mpishi wala mlevi anayeingia kupumzisha watu. Na hakuna anayekufa mbele ya watazamaji, kwani huo ungekuwa utovu wa adabu. Mtu anatoka kwa mlango mmoja, na baadaye mjumbe anaingia kwa mlango mwingine, anahema, anaeleza: nilimwona, alisimama hapa, aliangukia pale, neno lake la mwisho lilikuwa hili. Wote wananyamaza. Pazia.

Wasichana waliandika. Mimi niligeukia ubao nikafuta mahali palipokuwa safi tayari. Niliwaonea wivu malkia wa vitabuni. Walipoteza waume, wana, viti vya enzi, lakini hakuna hata mmoja aliyekosa mjumbe. Hata yule mwovu kuliko wote alipata mtu wa kuja kumwambia.

Alhamisi mchana hapakuwa na masomo, nami nilikwenda kwa padri mmoja mzee aliyetunza maktaba ya misheni. Nilikwenda kwa ajili ya vitabu, ndivyo nilivyowaambia watu. Ukweli ni kwamba kwake palikuwa mahali pekee ambapo hakuna aliyeniuliza kama nimepata habari.

Padri huyu alikuwa Mbelgiji, lakini ujana wake aliumalizia China. Serikali mpya ya kule ilipowafukuza wamisionari, wakubwa wake walimtuma kwetu. Alikiongea Kiswahili cha Katanga vizuri, ila kwa mdundo wa kupanda na kushuka ambao wanafunzi walipenda kuuiga, wakidhani ndivyo wasemavyo Wabelgiji. Haikuwa hivyo. Siku moja nilifika mapema nikamkuta bustanini akiongea na kabichi zake kwa lugha ambayo sikuwa nimepata kuisikia, na mdundo ulikuwa ule ule. Alinigeukia bila haya.

"Hakuna mwingine," alisema. "Katika Kolwezi yote, hizi kabichi tu njo zinanisikia."

Alinipa chai katika kibakuli kidogo, haina sukari wala maziwa. Nilimwambia kwetu chai kama hiyo hupewa mgonjwa wa tumbo. Alicheka, akanipa tena Alhamisi iliyofuata, na iliyofuata, mpaka nikaizoea kwa ukaidi tu.

Yeye ndiye aliyenieleza tanzia za Wachina. Alizitazama uwanjani mbele ya hekalu la kijiji, watu wamekaa tangu asubuhi, wanapasua mbegu za tikiti kwa meno, wanapiga soga, watoto wanalala mapajani, na bado katikati ya kelele hizo machozi yanawatoka. Kule, alisema, anayeumia mara nyingi ni mtu mdogo, fundi, mjane, binti aliyeuzwa. Kosa haliko moyoni mwake, limemjia kutoka nje, kwa tajiri au kwa hakimu aliyekula rushwa. Wanaimba uchungu wao. Na katikati ya uchungu anatokea mchekeshaji amepakwa chokaa puani, anajikwaa, anatukana, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, kisha wanarudi kulia pale walipoachia.

"Na mutu akikufa," padri alisema, "mchezo hauishe. Nusu bado."

Alikumbuka mchezo mmoja, hakujua tena jina lake. Mtia rangi wa vitambaa anauawa na mshirika wake na kutupwa kisimani. Hakuna aliyeona. Mama yake anauliza mji mzima, hakuna anayejibu. Basi marehemu mwenyewe anakuja, anasimama mbele ya hakimu mpya aliyetumwa kutoka mbali, mikono yake ingali ya buluu kwa ile rangi ya kazi yake. Hakimu anamwuliza, naye anajibu. Muuaji anakamatwa. Katika sehemu ya mwisho watu wote wa haki wanakaa pamoja kuzunguka meza, mama naye amekaa, na hakimu anamwambia kuanzia leo mimi ni mwanao.

Niliposikia habari ya mikono ile nilikiweka chini kibakuli. Nilifikiria zile kucha za kijani. Kisha nikakasirika, kama kawaida yangu ninapokaribia kulia.

"Ni uongo, mon père," nilimwambia padri. "Afadhali Wafaransa. Mtu amekufa, amekufa. Pazia linashuka. Hawakupaki asali mdomoni."

"Uongo njo nini?" aliuliza. "Maprofesa ya kwetu nabo banasema vile: Wachina hawana tanzia, sababu mwisho ni tamu. Mi nilikuwa pale. Ule mama, alipokaa ku meza, bantu balilia kupita wakati mutoto alikufa. Kama mwisho ni tamu, balilia nini?"

Nikashambulia upande mwingine. "Na yule ambaye hakimu wake haji? Yule ambaye hata mzimu hauji?"

Padri alitazama kibakuli chake. Alikuwa amewazika watu wengi katika nchi mbili, na alijua ninamsema nani, ingawa katika Alhamisi zote hizo sikuwa nimemtaja. Alinijazia chai tena, nami nilimshukuru.

Katikati ya mwaka ule wa shule mkuu wetu alitaka mchezo. Niliuandika mwenyewe, kwa Kifaransa, kwa kanuni zote: mfalme amekula kiapo kwa kiburi, mwanawe anatoka kwenda kukitimiza, malkia anangoja, mjumbe anarudi. Hakuna mchekeshaji, hakuna mzimu. Nilitaka kumwonyesha padri kwamba ukweli unaweza kusimama bila kushikwa mkono. Alisoma, akasifu beti, kisha akagonga kidole kwenye ukurasa wa mjumbe.

"Bantu ya hapa batauliza mwili," alisema.

"Watauliza nini, mon père? Ni mchezo. Kanuni ni kanuni."

Tuliucheza Jumapili alasiri katika ukumbi wa parokia. Wakubwa walikaa mbele na abakosti zao, nyuma yao wazazi, nyuma kabisa wale waliokosa viti. Kwa kuwa akina mama wengi hawakujua Kifaransa, msichana mmoja alitokea kabla ya kila sehemu kueleza kwa Kiswahili yatakayotokea. Mama mkwe wangu alikuja. Sikumwomba. Alivaa kitenge chake cha Pasaka, akasema anataka kuiona hiyo kazi yenye kunichelewesha kurudi nyumbani, na mtu wa mstari wa pili akampisha kiti kwa heshima ya umri wake.

Mjumbe alikuwa mwanafunzi wangu aliyekuwa na sauti kuliko wote, binti mrefu, amevaa abakosti ya baba yake, mikono imekunjwa mara kadhaa, na ndevu za pamba. Aliingia akihema nilivyomfundisha. Alisimama. Akasema beti zangu zote bila kukosea, jinsi mwana wa mfalme alivyotoka, jinsi alivyoanguka. Kutoka pembeni mwa jukwaa nilipojificha nilimwona mama mkwe wangu akimwinamia jirani yake kuuliza. Jirani akamnong'oneza. Alikuwa anamwambia, bila shaka, kwamba yule mtoto amekufa.

Mama mkwe wangu alisimama.

"Weye, mutoto," alisema. "Ulimuona?"

Beti iliyofuata ilikuwa ya malkia. Malkia alifungua kinywa, akakifunga. Yule mjumbe angeweza kuendelea kama hakusikia, na katika nchi walikotunga kanuni zile angeendelea. Lakini kwetu, mama mzima akisimama katika habari ya kifo akakuuliza, humgeuzii mgongo, hata uwe umevaa ndevu za pamba. Alikunja magoti kidogo kwa adabu.

"Ndiyo, mama," akajibu kwa Kiswahili. "Nilimuona."

"Alikuwa wapi?"

Msichana alinitazama. Mimi niliyeandika kila neno la mchezo ule sikuwa na neno la kumpa. Akageuza uso tena kwa mama mkwe wangu.

"Pembeni ya barabara, mama. Alilala upande, sawa muntu mwenye kusinzia."

"Alikuwa anavaa nini?"

"Shati, mama. Shati tu."

"Balimuacha vile?"

"Hapana, mama. Kuko mama moja alitosha kitambala yake ya kichwa, akamufunika uso."

Mama mkwe wangu aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza bei na kuikubali. Akafungua kitambaa chake cha kichwa. Akaketi chini, sakafuni, kitenge cha Pasaka na vyote, akatoa sauti ambayo nilikuwa nimeingoja miaka yote ile bila kujua kwamba ninaingoja. Jirani yake akaipokea, na wa nyuma yake, na wa nyuma yao, mpaka akina mama wote ukumbini wakawa wanalia. Hawakumlilia mwana wa mfalme, wala hawakumlilia mume wangu. Hakukuwa na nyumba mjini ambayo haikuwa na mtu wake wa mwaka ule. Wanasema kifo cha wengi harusi. Sijui waliosema walikuwa wapi; sisi siku ile tulilia kila mtu wake, ila tulilia pamoja.

Mkuu wa shule aliamuru pazia lishushwe. Kelele zilipozidi, yule binti aliyecheza mwana wa mfalme, aliyekuwa amekaa nyuma ya pazia na soda yake, alichungulia kuona kuna nini. "Huyu hapa! Mufu iko anakunywa!" mtu alipiga kelele, na akina mama wakacheka huku wanalia, wanasukumana mabega. Nilimtazama padri kule nyuma. Alikuwa amejifunika mdomo kwa mkono, na sikuweza kujua chini ya mkono ule kulikuwa na nini.

Mimi sikulia. Nilikusanya mavazi, nikakunja abakosti, nina hasira ya mchezo wangu ulioharibika. Nilimwuliza mjumbe wangu maneno yale aliyatoa wapi. Alisema alipokuwa mdogo, akikimbia na mama yake siku zile, walimpita mtu mmoja barabarani. Hakujua ni nani. Ndiye pekee aliyemkumbuka alipoulizwa. Watu waliovaa shati tu walikuwa wengi, niliijua hesabu hiyo mimi mwenyewe, nami nilimshukuru nikamwambia aende nyumbani.

Kapata tulifika bado mwanga upo. Nilimkalisha mama mkwe wangu, nikamwambia kwa upole niliouweza, maana niliogopa amechanganyikiwa.

"Mamu, ule mutoto alikuwa anacheza. Maneno ya mbele niliandika mi. Hanajua mutoto yako."

Alinitazama kama ninavyowatazama wasichana wanaokuja bila kufanya kazi ya nyumbani.

"Minajua," alisema. "Mi siko mujinga. Lakini aliulizwa, akajibu. Tangu vita, ni nani tuliuliza akajibu?"

Kisha akasema tuweke kilio. Alisema kwa sauti ya kawaida, akikunja kitenge chake. Baada ya hapo akaongeza, bila kuniangalia: "Kisha, weye utaenda kwenu."

Wajomba wa mume wangu walikuja, wakakubaliana, na uwanja wa nyumba yetu ukajaa mikeka na viti vya kuazima. Mahali pa mwili waliweka koti lile la kazi. Nililitoa mwenyewe kwenye msumari, likaacha alama yake ukutani, rangi safi iliyolindwa na vumbi. Nilikaa karibu nalo, kama inavyompasa mjane, na akina mama walilia wakiniangalia waone kama ninalia. Sikuweza. Nilikuwa nimeshika machozi muda mrefu mno, na sasa hata nilipotaka kuyaachia hayakutoka.

Msomaji wa mbali hana budi aelezwe habari ya wajukuu, au bazukulu, tunavyowaita. Katika kilio, walio wajukuu wa marehemu kwa hesabu ya ukoo wana ruhusa ambayo hakuna mwingine aliye nayo. Wanamtania. Wanavaa nguo zake, wanaiga mwendo wake, wanataja ubahili wake na mapenzi yake ya mboga fulani, wanazuia njia mpaka wapewe kitu. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mjukuu wetu alikuwa dereva wa lori wa Fungurume, mwanamume mwenye tumbo, mkubwa kwa mume wangu kwa umri, lakini kwa ukoo alikuwa mjukuu tu, na mume wangu alizoea kumtuma sigara ili kumkumbusha.

Alifika, akasalimia, akalia kidogo kwa adabu. Kisha akalinyakua koti mkekani, akalivaa. Halikufunga. Akatoka nje ya uwanja, na tukasikia kikohozi barabarani. Kilikuwa kikohozi cha mume wangu, kile kifupi alichokitoa kabla ya kuingia ili watu wa nyumbani wajue. Akaingia, bega la kulia limeinama kwa uzito wa kisanduku cha vyombo vya kazi, akagongesha viatu kwenye jiwe la mlangoni, kimoja baada ya kingine, akatutazama wote kwa uchovu na dharau.

"Ninyi benye nyumba!" alisema. "Maji yangu iko wapi?"

Watu waliangua kicheko. Ilikuwa sauti yake, ilikuwa ile ile, hata namna ya kuuliza kama kwamba kuna aliyeiba. Nilicheka. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote, na nilipotaka kuvuta pumzi nikakuta nalia, na sikuweza kuacha, na sikutaka. Mume wangu alikuwa amekufa. Nilijua hivyo kwa sababu alikuwa amesimama mbele yangu na tumbo la mtu mwingine.

Mjukuu alimgeukia mama mkwe wangu. "Mama, nakuuliza. Maji?"

Mama mkwe wangu aliinua uso. King'ora kilikuwa kimelia kitambo, sote tulikisikia, na hakuna aliyekuwa amemwona akiondoka mkekani.

"Maji hayiko," alisema. "Leo sikuweka."

Hata mjukuu alisahau kidogo kwamba anaiga. Basi mimi, niliyeyachukia maji yale miaka yote, niliinuka, nikachukua sufuria, nikaijaza bombani, nikawasha mbabula kwa mikono yangu.

"Ngoya, tata," nilimwambia, kama mke anavyomwita mumewe baba. "Naweka sasa."

Alingoja, akilalamika kwa sauti juu ya wanawake wavivu. Maji yalipopata moto alinawa uso, mikono na miguu mbele ya watu wote, na yale yaliyobaki tukayamwaga nje.

Padri alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na wazee, magoti yake yamegoma kukunjika. Nilipopita na vikombe nilimwambia bado simkubali hakimu wake, maana hakuna hakimu aliyekuja Kapata.

"Ni kweli, hayakuya," alisema. "Lakini angalia, bantu banakaa pamoya, sawa ku ile meza."

Haukupita muda, wakubwa wake wakamrudisha Ulaya kwa ajili ya uzee wake. Nilifikiri mara nyingi kule nako ataongea na nani Kichina, na sasa Kiswahili pia. Kabichi zake zilibaki, lakini hakuna aliyejua kuzipika.

Kilio kilikwisha. Mikeka ilikunjwa, viti vikarudi kwa wenyewe, na mjukuu akaondoka kwenda Fungurume na lile koti, kwa kuwa ni haki yake. Kaka zangu walikuwa wametuma habari kwamba njia iko wazi, nichague siku. Alasiri moja tulikuwa tumekaa mlangoni, mama mkwe wangu anachambua maharage katika ungo, mimi sifanyi kitu. King'ora kikalia. Aliinua kichwa, mkono wake ukaenda kidogo kuelekea mbabula. Kisha ukarudi kwenye maharage.

"Utaenda siku gani?" aliniuliza.

"Kesho kuko masomo, mamu," nilijibu.

Aliendelea kutoa mawe na maharage mabovu kwa muda, kisha akasogeza ungo katikati yetu, akasukuma nusu ya maharage upande wangu.